Shairi la Ghorofa ya Saba

Simu ilitetema ndani ya mfuko wa aproni. Warda alisimamisha toroli la mashuka katikati ya korido, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hoteli ilikataza simu wakati wa kazi, na msimamizi wao alikuwa na tabia ya kutokea kwenye lifti bila mlio. Korido ilikuwa tupu. Akaitoa.

Ilikuwa Februari 2014, hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Doha, ghorofa ya saba. Ujumbe ulitoka kwenye group la WhatsApp la Waswahili wa Doha. Kwa kawaida humo watu walitangaza vyumba vya kupanga na misiba ya nyumbani. Asubuhi ile mtu aliyejiita Iddi wa Pangani alikuwa ameweka shairi. Aliandika kwamba ameliona jambo kwenye picha ya kuchorwa, hotelini, na tangu hapo usingizi wake si mzuri.

*Umekaa mlangoni, kiatu umekishika,*
*Wanipa kisogo kwani, ni lipi lililozuka?*
*Nambie japo mwishoni, nipate kupumzika,*
*Wenda zako kwa yakini, nami bado sijafika.*

Warda alisoma mara mbili, kisha akainua macho. Picha yenyewe ilikuwa mbele yake ukutani. Mwanamke wa gauni la kijani amekaa kwenye kiti karibu na mlango ulio wazi nusu, kiatu kimoja kipo mguuni, kingine mkononi, uso kaupeleka upande wa pili. Warda alikuwa akiipangusa picha ile kila siku ya Mungu kwa muda wa miaka mitatu, na siku zote alimwona yule mwanamke kama mtu aliyerudi nyumbani amechoka. Haikumpitia kamwe akilini kwamba anaondoka.

Warda alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtu wa Wete, Pemba. Aliwahi kuolewa akaachika bila mtoto, akaona heri aje Uarabuni kuliko kukaa akiulizwa ataolewa lini tena. Baba yake, marehemu, alikuwa mtunzi, na kwao shairi likitolewa hujibiwa, tena kwa vina vile vile. Kwa hiyo mchana, mezani kwa wafanyakazi, aliacha wali upoe, akaandika nyuma ya karatasi ya dobi. Kisha akalipeleka kwenye group.

*Mshairi wa simuni, macho yako yamechoka,*
*Nampangusa fremuni, kila siku nikifika,*
*Vumbi lipo kiatuni, la njia aliyotoka,*
*Haendi, yumo nyumbani, kavua, ameshafika.*

Group liliwaka. Watu ambao hawakuwahi kuandika zaidi ya "pole" na "hongera" wakawa wahakiki. Wengine walimuunga mkono Iddi, wengine Warda, na Mzanzibari mmoja dereva alitaka picha ipigwe iletwe ili ushahidi uonekane. Jioni, kwenye bweni lao la wanawake huko Al Mansoura, Carolyne, Mkenya wa Nakuru aliyefanya kazi mapokezi na kulala kitanda cha pili, alimwambia kwamba Kiswahili chenyewe hakukielewa chote lakini ameelewa kuna mtu ataandikiwa inbox usiku huo.

Aliandikiwa kabla hata ya magharibi.

"Asalaam aleikum dada. Samahani. Hiyo picha unaipangusa kweli?"

"Waaleikum salaam. Kila siku. Wewe uliionea wapi?"

"Mimi fundi wa viyoyozi. Nilitengeneza kiyoyozi cha korido yenu siku moja tu. Nikawa juu ya ngazi nusu saa nzima naitazama. Kiatu kina vumbi kweli?"

"Njoo uangalie."

"Kazi iliisha. Siwezi kupanda tena huko juu bila karatasi ya kazi."

"Basi mie nitakuwa macho yako."

Alijuta alipokwisha kubonyeza. Sentensi ile ilikuwa imepita mpaka. Lakini zile alama mbili za ujumbe kufika zilikuwa zimeshatokea, na Iddi aliandika neno moja tu, "Ahsante."

Wakaanza hivyo. Mwanzoni waliongea habari za picha. Iddi aliulizia rangi ya mlango, akaulizia kama mkono wenye kiatu ni wa kulia au wa kushoto, na Warda akawa anasimama pale na kitambaa chake akimwelezea. Baada ya wiki chache picha ilibaki kisingizio. Iddi alimwambia juu ya kambi yao ya Abu Hamour, watu wanane chumba kimoja, na jinsi mafundi wa viyoyozi wanavyolala kwenye joto kwa sababu cha kwao ndicho hakitengenezwi. Warda naye alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu Doha, ya ndoa yake iliyokwisha bila ugomvi hata mmoja, watu wawili wakikaa kimya mezani mpaka mmoja akaondoka.

Mara ya kwanza kuonana ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Aprili, kwenye mgahawa mdogo wa chai ya karak, ile ya maziwa na hiliki, hapo Al Mansoura. Carolyne alikaa meza ya jirani kama askari. Iddi alikuwa mrefu, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo ya mabati. Aliyeandika maneno mengi vile alikuwa na haya kuliko Warda alivyotarajia. Chai ya kwanza iliisha wakiongelea hali ya hewa. Ya pili ilipoletwa, alisema kitu ambacho Warda alihisi amekuja nacho kutoka Abu Hamour.

— Yule mwanamke wa kwenye shairi ana jina, alisema. Anaitwa Time. Alikuwa mke wangu.

Warda alikizungusha kikombe mezani.

— Tuna binti. Yuko Tanga na mama yake. Nilikuja huku mwaka elfu mbili na nane, nikaahidi kurudi baada ya miaka miwili. Kampuni yangu ya kwanza ilinishikia pasi, haikunipa ruhusa ya kutoka nchini. Mwaka wa tatu akaniambia nije au nimwache. Nikamwacha. Talaka moja, kwa simu. Kampuni ilipofilisika nikapata hii niliyonayo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

— Bado unampenda?

— Sijui. Nilipoiona ile picha nilidhani ni yeye. Nimekwambia ili usije ukaambiwa na mwingine.

Warda alirudi bwenini na maneno hayo. Alijiuliza anamtaka nini mtu ambaye shairi lake la kwanza kamtungia mwingine. Alijibu swali hilo kila siku kwa namna tofauti, na kila siku, saa nne asubuhi, alipofika ghorofa ya saba, alitoa simu na kumwandikia.

Wakaonana tena Mei, na tena Juni, Ijumaa kwa Ijumaa, kila mara mahali penye watu. Iddi hakumshika mkono hata mara moja. Warda alianza kuyajua makovu ya mikono yake moja moja, lipi la kazini Al Wakra, lipi la Pangani utotoni. Iddi alimwambia kwamba likizo yake ni Septemba, na akitoka Tanga anataka kuvuka kwenda Wete kumwona kaka yake Warda, Kombo. Warda alicheka, lakini usiku huo hakulala.

Mwezi wa Agosti, akiwa chumba 712 anatandika kitanda, simu iliita kwa namba ya Tanzania asiyoijua. Alidhani kuna msiba. Akapokea.

— Wewe ndiye Warda unayepangusa picha?

— Ndiye mie. Naongea na nani?

— Time. Wa Iddi. Au niseme aliyekuwa wa Iddi.

Warda alikaa juu ya kitanda cha mgeni, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi.

— Sikukupigia kukutukana, dada, Time aliendelea. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyefikiri muda mrefu kabla ya kupiga. Binamu yangu yuko kwenye group lenu. Shairi lilifika huku zamani, na jibu lako pia, na siku hizi habari zenu. Jibu zuri. Ila umejibu barua isiyokuwa yako.

— Barua iliyobandikwa sokoni, dada, kila apitaye ataisoma.

— Kuisoma sikatai. Nasema kuijibu.

Kwenye simu Warda alisikia jogoo, na mtu akifua.

— Alikwambia nilidai talaka?

— Aliniambia.

— Nilimwambia njoo au niache. Mwanamke akisema hivyo anataka nini? Anataka uje. Mimi nilifagia nyumba, nikasema sasa atakuja. Akaniletea mstari mmoja kwenye simu. Miaka mitatu leo sijui kama alishindwa kuja au alinichoka.

— Alishindwa, dada. Kampuni ilimshikia pasi, hawakumruhusu kutoka. Wallahi hakuwa na njia.

Time alipojibu, utulivu ulikuwa umepungua.

— Na kwa nini hilo unalijua wewe, mimi silijui?

Swali hilo Warda alilibeba siku nzima, vyumba kumi na sita, mashuka thelathini na mawili. Time hakuwa amemwomba kitu chochote. Alisema tu kwamba anataka Iddi aje amwambie kwa kinywa chake, kisha akamuaga kwa heshima, akakata.

Ijumaa iliyofuata walikaa mgahawa ule ule. Warda hakuagiza chai.

— Time alinipigia.

Iddi aliweka kikombe chini.

— Hukumwambia kwamba ulizuiliwa, Warda alisema. Kwa nini?

— Niliona haya. Mwanamume mzima nimefungiwa kama mbuzi, nimwambie mke wangu? Niliona heri anione mkatili.

— Mie umeniambia siku ya kwanza.

— Wewe ulikuwa mgeni. Mgeni ni rahisi kumwambia.

Neno lile lilimchoma, ingawa alijua Iddi hakukusudia. Alitazama nje, ambako barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na hakuna mtu aliyepita.

— Septemba nenda Tanga, alisema. Kaa naye chini, mwambie yote. Na umsikilize naye. Ile ni talaka moja, Iddi. Mnaweza kurudiana, na mna mtoto. Ukiona moyo wako uko kule, kaa kule. Mie sitakulaumu.

— Na wewe?

— Mie nina kazi yangu.

— Warda.

— Usinitumie shairi. Usinitumie hata salamu, mpaka uwe unajua. Sitaki kuwa mtu wa kuambiwa kwa sababu ni mgeni.

Alisimama kabla machozi hayajafika. Carolyne, ambaye siku hizo hakukaa tena meza ya jirani bali alisubiri nje akitazama maduka, alimuona, wakaondoka pamoja.

Iddi aliondoka tarehe nne Septemba. Warda alijua kwa sababu alama ya "online" ilitoka mchana ule na haikurudi. Siku ya tatu alimwomba msimamizi amhamishie ghorofa ya tano. Akakataliwa. Basi akawa anapita ile picha akiipangusa kwa haraka, macho kwenye kitambaa. Siku moja aliona gari la mafundi wa viyoyozi limeegeshwa nyuma ya hoteli, akashuka ghorofa zote saba kwa ngazi bila kungoja lifti, akakuta ni kampuni nyingine na Wanepali wawili wanakula mchana. Jioni alitunga beti kichwani, akaziandika, akazifuta. Alipika ndizi za nazi akasahau chumvi. Usingizi ulimjia na simu ikiwa kifuani.

— Mpigie tu, Carolyne alimwambia siku ya kumi na mbili. Si una namba?

— Nilimwambia tusiwasiliane.

— Ulimwambia yeye asitume. Kwani wewe ulijiambia?

— Nikimpigia akiwa amekaa na mkewe?

Carolyne akavuta blanketi, akageukia ukutani.

Siku ya kumi na tisa, Jumanne, saa tano asubuhi, Kombo alipiga. Kaka yake huyo alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache, na hakuwa na desturi ya kupiga siku za kazi. Warda aliingia chumba cha mashuka, akafunga mlango.

— Nina mgeni huku barazani, Kombo alisema. Kavuka kutoka Tanga. Anaitwa Iddi.

Warda alishika rafu ya mashuka.

— Tangu lini?

— Leo siku ya tatu. Sikutaka kukupigia kabla sijamjua. Nimemuuliza, wewe mwenzio ulimpa talaka kwa simu, kwangu umefuata nini? Akanijibu kaja mwenyewe kwa sababu hiyo. Hilo limenipendeza, lakini sikutosheka. Nikaomba namba ya huyo mtalaka wake, nikampigia.

— Ulimpigia Time?

— Kwani nikuozeshe kwa kubahatisha? Kasema Iddi alikaa mbele yake na mbele ya mama yake, akaeleza yote, akaomba radhi. Amemsamehe. Mwenyewe ana mchumba, mwalimu wa Muheza, harusi yao mwezi ujao. Alikuwa anataka asikie tu ukweli kabla hajaingia nyumba nyingine. Kasema hana kinyongo na wewe. Sasa wewe unasemaje?

— Nipe niongee naye kwanza.

Simu ilipita mikono. Akasikia mtu akipumua.

— Warda.

— Nakusikia.

— Uliniambia nisikutumie chochote mpaka niwe najua. Sikutuma. Nimekuja.

Warda alijizuia asilie kwa sababu kaka yake alikuwa karibu na Iddi na angesikia.

— Ulipomwona Time, aliuliza, moyo ulisemaje?

— Uliona aibu. Halafu ukatulia. Nilipotoka pale nilijitafuta kama kuna kitu nimeacha. Nimeacha binti yangu, na huyo nitakuwa naye maisha yote. Mengine yalikwisha zamani, mimi ndiye nilikuwa sina habari.

— Lakini shairi ulimtungia yeye.

— Ndiyo. Siwezi kukudanganya, lile ni lake. Lakini tangu uliponijibu, sijamwandikia mtu mwingine neno. Warda, mimi si fundi wa kuongea. Nakutaka uwe mke wangu. Ukikataa nitamshukuru kaka yako kwa futari na chai, nirudi Doha nikatengeneze viyoyozi.

— Hapana futari Septemba, Warda alisema, na wote wawili wakacheka, na kicheko chenyewe kikamtoa machozi aliyokuwa akiyazuia.

Likizo ya Warda ilikuwa mwaka mzima mbele, na Iddi alibakiwa na wiki moja. Kombo, ambaye kwa kawaida hufikiri jambo dogo wiki nzima, aliamua kwamba ndoa ifungwe Ijumaa hiyo hiyo msikitini kwao. Bwana harusi yupo, walii yupo, mashahidi watapatikana. Bibi harusi ataulizwa.

Ijumaa hiyo hoteli ilijaa na Warda alipangiwa kazi. Saa nane mchana simu iliita. Carolyne alikuwa amepanda kutoka mapokezi kwa kisingizio cha kuchukua taulo, amemshika mkono ndani ya kile chumba cha mashuka. Kwenye simu kulikuwa na sauti nyingi za wanaume, kisha Kombo, kwa sauti ambayo Warda hakuwahi kuisikia, ya mtu mzima anayemwakilisha baba.

— Warda binti Makame. Nimeombwa nikuozeshe kwa Iddi bin Shekue, kwa mahari uliyoitaja mwenyewe, cherehani moja. Mashahidi wanasikia. Umeridhia?

— Nimeridhia.

— Sauti imekatika. Sema tena.

— Nimeridhia!

Ilitoka kwa nguvu mpaka mgeni mmoja koridoni akageuka. Wete, watu wakacheka na kumshukuru Mungu, na Kombo akakata ili nikaha iendelee. Msimamizi alifungua mlango akauliza kwa nini chumba 709 hakina mashuka. Carolyne akamwambia Warda ameolewa sasa hivi. Yule bwana, Mfilipino, alitazama rafu za taulo, akatazama mabibi wawili wanaolia, akasema Warda ana dakika kumi.

Iddi alirudi Doha mwisho wa mwezi. Hawakuwa na chumba, yeye wa kambi, mke wa bweni. Ijumaa ya kwanza alikuja Al Mansoura baada ya sala ya alasiri na kopo la halua ya Wete kutoka kwa shemeji yake. Warda alishuka amevaa baibui jipya, mikononi hina aliyopakwa na Carolyne, imepinda kwenye vidole vyote. Wesley, mlinzi wa getini, alimsimamisha Iddi akamuuliza Warda huyu ni nani wake.

— Mume wangu, Warda alisema. Lilikuwa neno geni mdomoni, akalirudia. Ni mume wangu.

Wesley alisema hongera, lakini mwanamume haruhusiwi kupita hapo. Akawatolea viti viwili vya plastiki kwenye kivuli cha ukuta. Walikaa, na kwa mara ya kwanza Iddi aliushika mkono wake, akautazama kama mtu anayesoma. Warda alimuuliza kama amemwandikia kitu. Alisema hajaandika, alikuja kumtazama. Wakala halua kwa vidole mpaka magharibi ilipoadhiniwa na basi la Abu Hamour likakaribia, wakaagana pale pale, mume na mke, kila mmoja akalale kwa wenzake. Ijumaa kumi na moja zilipita namna hiyo, na Warda baadaye alisema hakuna kungoja kulikomuuma kama kule, kungoja kitu ambacho tayari ni chako.

Chumba walikipata katikati ya Desemba, Al Mansoura hiyo hiyo, juu ya duka la fundi nguo wa Kibangali, dirisha likitazama ukuta. Siku ya kuhamia, Iddi alipanda kwenye kiti na bisibisi kabla hata ya kufungua begi, akaanza kutengeneza kiyoyozi, ingawa baridi ilikuwa imeshaingia na hakuna aliyekihitaji. Warda alikaa kitandani akamtazama kwa muda, akaona kwamba ile skrubu moja ameifunga na kuifungua mara tatu.

— Kimeshapona hicho, alimwambia. Shuka, mume wangu. Njoo ukae.

Iddi akashuka.